Hoja za Kumfunga Ruphin

Mashine ya oksijeni ilitoweka kwenye kliniki moja ya mtaa wa Karavia Jumatatu asubuhi. Kufikia mchana, mlinzi Ruphin alikuwa kizuizini. Jeannot, msimamizi wa kliniki, alikuwa ameieleza akili mnemba ya kwenye simu yake mkasa wote, nayo ikajibu kwa hoja zilizopangwa vizuri: Ruphin alikuwa zamuni, anaujua mlango wa nyuma, mtoto wake ana pumu. Basi mwizi ni Ruphin.

Jumatano, Inspekta Brigitte Ngosa alizisoma hoja hizo, zilizochapishwa kwenye karatasi, akaona zimenyooka mno.

"Papa Jeannot, uliiuliza namna gani? Nionyeshe telefone."

Swali lilianza: "Tunamushuku mulinzi wetu Ruphin."

Brigitte akaandika maneno yaleyale, ila badala ya Ruphin akaweka Syntiche, muuguzi. Akili mnemba ikatoa hoja nyingine, safi vilevile: mwizi ni Syntiche. Akaweka Mutale, mpishi. Mutale naye akapatikana na hatia. Hakuna mahali ilipokiri kwamba imemtia mtu hatiani kwa sababu tu jina lake limetajwa kwenye swali.

Jeannot akachukua telefone yake, akatoka.

Brigitte akamfuata Syntiche wodini. "Kuna kingine kilipotea?"

"Ndiyo, maman. Jana, mipira ya puani ya kupitisha hewa ya ile mashine. Na stoo haikuvunjwa."

Jana Ruphin alikuwa nyuma ya nondo.

"Funguo ya stoo iko na nani?"

"Na Papa Jeannot, yeye tu."

Jioni Brigitte alibisha nyumbani kwa Jeannot. Mashine ilikuwa ikinguruma chumbani. Kitandani alilala baba yake Jeannot, mzee aliyemaliza mapafu yake mgodini, mipira puani.

"Hôpital ilimurudisha, maman," Jeannot alisema. "Alikuwa anazimika mbele yangu."

"Na Ruphin? Naye iko na mutoto mugonjwa."

"Nilitaka tu bantu baangalie fasi ingine, hapana kwangu. Lakini ile akili mnemba ya mu telefone ilieleza muzuri sana... Mimi mwizi mwenyewe, nilisoma nikaanza kuamini ni yeye."

Brigitte alimtazama mzee, akaiacha mashine ingurume. Akaita ambulansi impeleke mgonjwa kwenye kitanda chenye oksijeni, kisha akamchukua Jeannot.

Mlango wa mahabusu ulipofunguliwa, Jeannot alieleza yote kwa kinywa chake. Ruphin alisikiliza, ngumi zimekazwa. Kisha akauliza:

"Papa yako, anapumua?"

"Anapumua."

"Bon, ni muzuri," Ruphin akasema, akampita kwenda kwa mtoto wake.