Kovu la Kidole Gumba

Soko la Cité Albert lilikuwa limefurika siku mnyororo wa baiskeli ulipomchana Edouard kidole gumba, damu ikachafua shati lake jeupe la ukarani. Alima, aliyekuwa akiuza vitambaa hapo karibu, alichana kipande akamfunga.

"Pole, baba karani. Bisikileti inakuchukia?"

"Hapana, mama. Inanileta kwako."

Alima alicheka, akanaswa hapo hapo.

Kidonda kilipona, kikaacha kovu lililokata gumba mshazari. Kwa miaka miwili Alima alilibusu kovu hilo. Kasimu, kaka yake, hakutaka kusikia habari za shemeji Mkatoliki, kisha ghafla mwezi uliopita akakubali. Ndoa ikapangwa Jumamosi, état civil, kwenye ofisi ya serikali. Alima hakuuliza sana. Mwenye furaha huwa haulizi.

Jumatano, Mwansa fundi cherehani alikuja na utepe, akaanza kupima baraza ya nyumba ambayo marehemu baba yao aliwaachia Alima na Kasimu.

"Napima fasi ya mashine, mama. Si mulisaini pamoja kuniuzia nyumba, weye na kaka yako? Ona."

Karatasi ilikuwa Kifaransa kitupu. Chini, saini ya Kasimu. Kando yake, alama ya kidole.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kwako! Karani Edouard alisema hauyue kuandika."

Alima aliitazama. Mstari mweupe uliikata alama ile mshazari. Nyumba ilimuuma, lakini kidole alichokifunga kwa mikono yake kilimuuma zaidi.

Alima na Mwansa walimkuta Edouard mlangoni kwake, suti ya harusi imeanikwa juani. Alipoiona karatasi mkononi mwa Alima, alishusha macho.

"Chérie, nilifanya juu yetu, ili tuoane. Kasimu alikuwa anakatala ndoa. Nikamusaidia kuuza, akaitika."

"Mulinunua ndoa yangu na nyumba yangu?"

"Nilijua utakatala."

"Njo maana haukuniuliza!"

Alima alichomoa kalamu mfukoni mwa Edouard. Akaandika chini ya karatasi, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi za Kiarabu alizofundishwa na baba yake tangu utotoni.

Edouard aliinamia karatasi. "Unayua kuandika?"

"Miaka mbili, Edouard. Hata siku moja haukuuliza."

"Umeandika nini, mama?" Mwansa aliuliza.

"Alima binti Ramazani hakuuza."

Mwansa alikunja karatasi yake polepole. "Karani, tutaonana kwa komisera wa polisi."

"Na Jumamosi?" Edouard alinong'ona.

Alima alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililompandisha hasira. Alimshika mkono, akapitisha kidole juu ya kovu kwa mara ya mwisho.

"Jumamosi wende weye mwenyewe. Kidole chako kinazoea kusaini pa jina langu."

Akamrudishia kalamu.