Dawa ya Watu Tisa

Kila asubuhi watoto wanane wa nyumba ile ya kulelea watoto walipanga foleni bombani, kila mmoja na ndoo yake na sababu yake ya kumpita mwenzake. Wa mwisho daima alikuwa Sweta. Walimpa jina hilo kwa kuwa hakuvua sweta hata jua liwake vipi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Miezi miwili nyuma, shangazi yake alimwacha mpakani akimwambia, "Nisubiri hapa, narudi sasa hivi." Alisubiri siku mbili, hadi mlezi wa nyumba ile alipomchukua.

Chini ya sweta, mikono ilikuwa imejaa upele. Shangazi alipouona ndipo alipoanza kumchukia, kwa hiyo Sweta aliapa kutomwambia mtu. Mfuko wake wa nguo ulikaa uvunguni, umefungwa tayari.

Asubuhi moja Bonge hakuonekana bombani. Alikuwa na miaka minne, mwembamba mno, na jina hilo lilikuwa utani tu. Alilala kitanda kimoja na Sweta. Mama, mlezi wao wote, alimkuta anachemka kwa homa, vidole vimejaa vidonda vyenye usaha.

"Nani mwingine anawashwa?" Mama aliuliza.

Bonge akalia, akamnyooshea Sweta mikono. Sweta alishindwa kuvumilia. Akavua sweta.

"Ni mimi niliyemwambukiza, Mama. Mfuko wangu uko tayari. Nitaondoka mwenyewe, usinipeleke mpakani."

Mama alimbeba Bonge mgongoni, akamshika Sweta mkono, wakaenda zahanati. Tabibu alimdunga Bonge sindano, kisha akampa Mama chupa za dawa.

"Mpake wote tisa, siku moja, hata asiyewashwa. Mkimruka mmoja, upele utarudi."

Nyumbani, Mama alianza kujipaka mwenyewe, akawapaka na watoto wote wanane. Kisha akachemsha mashuka na nguo zote. Aliuvuta mfuko wa Sweta, akazimimina nguo zake sufuriani, na mfuko wenyewe akautumbukiza.

"Kuumwa si kosa, mwanangu," alisema akikoroga. "Kuficha ndiko kulikomuumiza mdogo wako. Ukiumwa, sema siku hiyohiyo. Hapa mgonjwa hafukuzwi, tunatibiwa wote."

Mchana ule Sweta alikaa kando ya Bonge, mikono wazi, akimpepea. Homa ilikuwa bado haijashuka. Dirishani aliziona nguo zake zimeanikwa katikati ya nguo za wenzake.

"Mama, na mfuko?"

"Ukikauka nitautilia viazi. Wewe huna safari."