Marehemu Katoka Gereji Mchana Kweupe

Bibi Opal Fenner alikuwa na habari yake, na hakukubali mtu aipunguze hata chembe. Alidai kwamba Alhamisi hiyohiyo mchana, jua likiwaka, alikuwa akikusanya majani makavu mbele ya nyumba yake aliposikia kicheko cha Dale Tuttle. Dale Tuttle ni marehemu. Mji mzima wa Wendell Creek ulimzika. Bibi Opal akageuka na reki yake mkononi, akamwona Dale anatoka kwenye gereji ya Merle Hostetler, jirani yake wa mkabala. Koti lake jeusi, kofia yake, na ule mguu wa kushoto anauburuta vilevile. Marehemu akashuka na mtaa, akakata kona, akaenda zake.

"Ukafanya nini?" aliuliza Inspekta Corinne Stasiak.

"Nikampungia mkono. Ningefanyaje, mwanangu? Namjua tangu anang'oka meno ya utoto."

"Naye?"

"Akanipungia. Dale hakuwahi kupita hapa asinipungie."

Inspekta hakucheka. Katika mwezi wa Oktoba, kwa sikukuu yao ya mizuka, watu wa Ohio huning'iniza mifupa kwenye miti na kuchimba makaburi ya uongo kwenye nyasi zao. Mtu aliyevaa kama maiti akipita barabarani, nani atamtazama mara mbili? Mwizi aliyeingia gereji ya Merle alichagua mwezi wake vizuri.

"Uso uliuona sawasawa?"

"Kama ninavyouona wako. Na wako una usingizi."

Inspekta akavuka barabara.

Gereji ya Merle Hostetler haijawahi kulaza gari. Kila vuli huwa nyumba ya mizuka, na kila mtoto wa mji ule amewahi kutoka mle mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Merle mwenyewe alikuwa amesimama katikati, mzee mpana, mikono kiunoni, akiitazama mifupa ya mabomba ya plastiki iliyosimama uchi mbele ya kiti cha bembea.

"Huyu ndiye Mzee wa Kiti," alisema. "Yaani kilichobaki."

Mzee wa Kiti ndiye alikuwa roho ya nyumba ile. Mtoto akikanyaga mkeka, hewa inasukuma silinda mgongoni, Mzee anainuka. Mota ya waipa ya gari inamgeuza shingo. Kisha anacheka. Uso wake ulikuwa wa Dale Tuttle, si wa kufanana, wa Dale mwenyewe: alipokuwa hai alilala kwenye benchi la kazi mle ndani, mirija ya kupumulia puani, Merle akamfunika uso bendeji za plasta mpaka zikakauka, na kutoka humo wakapata kalibu, na kutoka kwenye kalibu ngozi ya mpira. Kicheko nacho kilikuwa chake. Walikinasa siku hiyohiyo, kwa sababu Dale hakuweza kujizuia.

Sasa ngozi ya uso haikuwepo. Koti, kofia na buti hazikuwepo. Kisanduku cha sauti kimeng'olewa na nyaya zake. Na kalibu la plasta lilikuwa sakafuni, vipande vipande.

"Kesho kutwa nafungua," alisema Merle. "Na watu wa kampuni ya barakoa wanakuja kulichukua kalibu. Walitaka kuutoa uso ule kwa maelfu, uende madukani nchi nzima. Kazi ya mikono yangu, inspekta! Sasa nasema hivi, na uandike: nitafungua. Hata kama ni mabomba matupu yanainuka pale, nitafungua."

"Nani alijua habari za kampuni?"

"Mji mzima. Kuna mtu hapa anaweza kufunga mdomo?" Alitema neno lililofuata kama mbegu chungu. "Curt Delvecchio alijua."

"Naye ni nani?"

"Mpinzani wangu. Ana ghala la mizuka kule reli. Miaka yote ananiona kidonda."

Kwenye kona, mwanamke mwembamba alikuwa akimimina juisi ya tufaha ya moto kwenye vikombe. Alimpa inspekta kimoja bila kuombwa. Huyo alikuwa Glenna Tuttle, mjane wa Dale. Yeye ndiye mshonaji wa mavazi yote ya mle ndani.

"Pole, mama," alisema inspekta. "Uso wa mumeo."

"Nimeshapewa pole nyingi," alijibu Glenna. "Kunywa, itapoa."

Konstebo aliyekuja na inspekta alitafuta alama za vidole, akapata za kila mtu aliyewahi kushika kitu mle, yaani hakupata kitu. Inspekta akazunguka eneo la tukio taratibu. Chini ya kompresa ya hewa aliona kidimbwi kidogo cha maji mekundu ya kutu.

"Inavuja?"

"Kompresa yangu haivuji!" Merle alichukia. "Hayo ni maji ya tangi. Hewa ikibanwa inaacha maji ndani. Ukimaliza kazi unafungua koki ya chini yatoke, la sivyo tangi linaoza. Humu ndani ni sheria, kama kunawa mikono."

"Mliitumia lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita."

Inspekta akachovya kidole. Maji yalikuwa hayajaanza hata kukauka pembeni.

"Mwizi alikuwa na haja gani na hewa?"

Merle alifikiri. "Skrubu za shingoni zinazoushika uso hazifikiki akiwa amekaa. Lazima umwinue kwanza."

Ndiyo maana Bibi Opal alisikia kicheko. Mzee aliinuka, akacheka, akachunwa uso. Inspekta akamaliza juisi yake, akaenda reli.

Curt Delvecchio alimpokea mlangoni mwa ghala lake akiwa na mkono wa mpira umetoka mfukoni mwa shati.

"Mzee Merle kaniletea polisi? Mwambie ahsante, nilikuwa mpweke."

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Peke yangu. Na wachawi kumi."

"Nitaangalia ndani."

"Una hati ya upekuzi?"

"Sina. Naweza kwenda kuitafuta, na wewe ukakaa na konstebo wangu mpaka nirudi. Hapendi wachawi."

Curt akacheka, akasogea pembeni. Inspekta alipita katikati ya wachawi, akainua magauni yao, akachungulia migongoni. Mota za waipa. Mota za madirisha ya magari. Minyororo ya baiskeli.

"Hewa unaiweka wapi?"

"Hewa?" Curt alikunja uso. "Hewa ni kelele na kamba miguuni. Sijawahi kumiliki kompresa, na sitamiliki. Merle ndiye anayependa vitu vinavyopiga chafya."

"Tuseme umeingia gereji yake. Unaiba nini?"

"Shingo," alisema Curt bila kupepesa. "Ile shingo inageuka kama ya mtu. Nimejaribu kuitengeneza mpaka mke wangu akahamia chumba kingine. Uso wa kazi gani? Nyuso ninazo." Kisha akashusha sauti. "Isitoshe, Dale alikuwa rafiki yangu. Nilibeba jeneza lake."

Shingo ilikuwa bado mahali pake. Hilo lilimkaa inspekta kichwani njia nzima. Mwizi aliacha chuma ambacho kila fundi wa mji ule anakitamani, akachukua uso, akavunja kalibu ili usipatikane mwingine. Kisha, akiwa na haraka ya mwizi, akainama kumwaga maji ya tangi la mwenzake.

Ijumaa mchana alirudi kwa Merle. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawatazama wakifanya kazi. Merle alikuwa amemvika Mzee wa Kiti kichwa cha nguruwe cha mpira, na Glenna, pini midomoni, anambana koti jipya mabegani.

Merle akakanyaga mkeka. Nguruwe akainuka, akageuza shingo, akakaa kimya.

"Anatisha?" aliuliza Merle.

"Anatafuta choo," alisema Glenna kupitia pini.

"Nitafungua hivyohivyo!"

"Fungua."

Merle akazima swichi, akaanza kukunja mpira wa hewa. Glenna aliendelea kumwambia habari za pindo, macho kwenye sindano yake. Mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe chini ya tangi, ukazungusha koki. Maji mekundu yakatiririka. Hakuyatazama hata mara moja.

Inspekta akasimama.

"Ilikuwa kazi ya nani, hiyo ya kumwaga maji?"

"Ya Dale," alisema Merle. "Tangu afariki, ya Glenna. Kwani?"

Glenna alitoa pini midomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake. Alikuwa ameelewa.

"Alhamisi mchana ulikuwa wapi, Bi Tuttle?"

"Hapa."

"Unafanya nini?"

"Namchukua mume wangu."

Mpira wa hewa ulimponyoka Merle mkononi. "Glenna!"

"Usiniite hivyo kama umeniona leo."

"Kalibu nani alilivunja?" aliendelea inspekta.

"Mimi. Kwa nyundo yake mwenyewe."

"Na mtu aliyemwona Bibi Opal?"

"Mimi." Glenna aliinua kidevu. "Ningembeba vipi? Mtaa mzima uko nje na mareki. Nikamvaa. Buti zake moja ina soli nene, alikuwa na mguu mfupi. Yeyote atakayezivaa atachechemea. Opal akanipungia. Nikampungia, kwa sababu Dale angempungia."

"Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani, mezani jikoni. Nimempangusa vumbi."

"Unajua umekiri wizi na uharibifu wa mali?"

"Andika vizuri. Andika kwamba sijutii. Na mkilirudisha kalibu kwa gundi, nitarudi na nyundo."

Merle alikuwa amewiva masikio. "Dale alikubali! Alikuja kwa miguu yake, akalala pale, akacheka mpaka tukarudia plasta! Nilimlazimisha?"

"Alikubali kuwatisha watoto wa Wendell Creek!" Sauti ya Glenna ilijaza gereji. "Watoto wanaojua kwamba yule ni Dale. Wakishapiga kelele wanakuja mlangoni kwangu, wananiambia, mama, leo katuweza. Hicho ndicho alichokubali. Hakukubali kutundikwa kwenye ndoano dukani, kando ya nguruwe. Hakukubali kuvaliwa na walevi wa miji nisiyoijua, wamtapikie ndani. Nitakuwa nimesimama sokoni na kabichi yangu, mume wangu apite mbele yangu mara tano?"

"Ungeniambia."

"Nilikwambia. Ukasema nitazoea. Nikakwambia tena. Ukasema kalibu ni lako."

Merle aliinama, akaokota mpira wa hewa. Akaukunja upya.

"Ni kweli, Bwana Hostetler?" aliuliza inspekta.

"Nililitengeneza mimi," alisema Merle, lakini sasa alikuwa akiwaambia viatu vyake.

"Bado unashikilia malalamiko yako?"

"Kesho nafungua, inspekta. Kiti hakina mtu. Miaka yote kiti kile kina mtu."

Inspekta alikuwa na pingu kiunoni, na mkono wake ulikuwa umezishika. Hakuzitoa. Glenna alimpita, akaenda kwenye benchi, akasukuma pembeni vitambaa na mikasi. Akachukua kopo la mafuta ya mgando kwenye rafu, akajipaka nyusi kwa nguvu ili plasta isizing'oe, kisha kope, kisha nywele za paji la uso, kama mtu aliyeona ikifanywa na hakusahau.

"Unafanya nini wewe?" Merle alinong'ona.

"Kiti kinataka uso. Chukua huu." Alipanda kwenye benchi, akalala chali, akapapasa glasi yenye mirija iliyokuwa kichwani pake. "Mimi niko hai. Hiyo kampuni ikiutaka, ije iniulize mimi, nami mdomo wa kuwajibu ninao. Dale hana tena. Loweka bendeji, Merle. Nakuomba, na hii ni mara ya tatu."

Akajitia mirija puani, mmoja mmoja. Akafumba macho.

Merle alimtazama inspekta, kana kwamba jibu liko katika sheria. Inspekta akaondoa mkono kwenye pingu, akatazama mlango.

Boksi la bendeji lilikuwa kwenye rafu, na ndoo ya maji miguuni pa Merle. Ndani ya gereji palisikika pumzi ya mwanamke tu, ikiingia na kutoka kwenye mirija. Glenna akainua mkono, macho yamefumbwa, akaelekeza kidole kwenye ndoo, na hakuushusha.