Mtoto Aliyeogopwa Kuguswa

Hulda wa Kitandililo alikuwa amechoka. Asubuhi alisaga mahindi, mchana alilima viazi, jioni alipika. Kazi hizo alizizoea. Kilichomchosha ni kumlinda binti yake Ema, mwenye miaka tisa, asiangukie moto.

Ema alikuwa na kifafa. Alianguka ghafla, viungo vikatetemeka, povu likamtoka mdomoni. Watu waliamini kwamba povu lile likikugusa, utaugua wewe pia. Basi Ema akianguka, wote walirudi nyuma. Hata baba yake, Kefa, alirudi nyuma. Hulda peke yake ndiye aliyemshika, naye hakuwa na macho kisogoni.

Siku moja ya baridi Hulda alitoka kuleta kuni. Akasikia anaitwa. Aliporudi alimkuta Ema ameangukia mekoni, mkono umo kwenye makaa. Kefa na mdogo wake Danieli walikuwa wamesimama mlangoni wakimwita. Wanaume wawili wenye nguvu zao, na hakuna aliyemgusa mtoto.

Wakampeleka zahanati ya huko Makambako. Enzi hizo za Mwingereza, mgonjwa alihudumiwa na dresa, mhudumu aliyefunzwa kufunga vidonda na kutoa dawa. Dresa yule, Abrahamu, alifunga jeraha, kisha akauliza nani alikuwa karibu na mtoto. Kefa akatazama chini.

"Niliogopa povu, bwana dresa."

"Povu ni mate tu, baba," Abrahamu akasema. "Nimewafuta wagonjwa wengi kwa miaka kumi na miwili, na sijaugua. Ugonjwa huu uko kwenye ubongo. Hauambukizi. Kilichomla mwanao mkono ni moto."

Akawaeleza taratibu. Akianguka, mwondoeni penye moto au maji. Mlazeni ubavu ili mate yatoke. Msimbane kwa nguvu, wala msimtie kijiko mdomoni. Akawapa vidonge vya kumeza kila siku, hata siku asizoanguka. Hulda akauliza kama Ema atapona kabisa. Abrahamu hakumdanganya. Alisema vidonge vitapunguza kuanguka, lakini huenda kifafa kisiishe.

Ndivyo ilivyokuwa. Zamani Ema alianguka kila wiki. Sasa miezi miwili ilipita bila kuanguka.

Siku ya kupura ulezi majirani walikuja kusaidia, na chungu cha pombe kilikuwa motoni. Ema akaanguka kando ya moto ule. Majirani wakarudi nyuma. Kefa akatupa fimbo yake ya kupuria, akamvuta mtoto mbali, akamlaza ubavu, akamfuta povu kwa kiganja. Bado aliogopa, maana woga wa miaka mingi hauishi kwa siku moja.

"Danieli," akasema, "leta koti lako, mwekee kichwani."

Danieli akasita kidogo. Kisha akalivua koti, akaja, akapiga magoti.

Hulda alikuwa anapanda kutoka mtoni. Aliwaona kwa mbali, Kefa na mdogo wake, wamemwinamia Ema. Hakukimbia. Alitua mtungi, akaketi pale pale njiani, akapumzika.