Kesi ya Digna na Chungu cha Ndiga

Asubuhi ile tulikuwa tukipeta mpunga, mimi na bibi yangu Domitila, nyumbani kwetu Mchombe. Nilimwuliza habari za Digna, mjane aliyeuawa kwa kuitwa mchawi mwaka wa njaa, Wajerumani walipochoma maghala ya watu wakati wa Maji Maji. Kesi ile haikuniingia akilini hata kidogo.

Bibi, ambaye sasa ana miaka themanini na kitu, wakati huo alikuwa ameolewa karibuni. Watu watatu wa nyumba ya mumewe walikufa siku moja: mama mkwe na mawifi wawili. Jumbe akaita baraza. Ushahidi ulikuwa mmoja tu. Jana yake Digna alipita uani akasema, "Msile hicho, mtakufa." Alijuaje? Akanyweshwa mwavi, dawa ya kiapo. Asiye na hatia hutapika. Digna hakutapika. Alikufa juani, watu wote wakimtazama.

"Walikuwa wamekula nini, Bibi?"

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Ndiga."

Ndiga ni viazi vya porini. Vina sumu. Hulowekwa mtoni siku nyingi ndipo viliwe.

"Zililowekwa siku ngapi?"

"Moja," alinong'ona. "Njaa, mjukuu wangu. Digna aliziona zingali ngumu. Ndiyo maana alitukataza."

"Nani alipika?"

Akatazama vidole vyake.

"Mimi."

"Na wewe hukula?"

"Mkamwana hula mwisho. Siku ile hakikubaki kitu."

"Barazani ulisema nini?"

"Nilisema maneno yake yale yalikuwa laana."

Akaniomba nimpeleke alikozikwa Digna. Tulikwenda mchana ule ule, kando ya mto, mahali ambapo hakuna anayelima. Matete yalitupita vichwa. Katikati kulikuwa na uwazi. Udongo mbichi. Juu yake nyayo za miguu mitupu, nyembamba, za mwanamke.

Bibi alipiga magoti.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusema kweli."

 

Nilizikagua zile nyayo. Zilianzia katikati ya uwazi. Zilizoingia hazikuwepo. Zilitoka tu.

Tulizifuata. Njiani zilikanyaga juu ya nyayo zetu za kuja. Zikapita shamba. Zikavuka ua wetu. Bibi alinishika mkono.

Zilikoma mlangoni pa chumba cha Bibi, vidole vikielekea ndani.