Mbuzi wa Ntheo Ndani ya Gari la Betri

"Jumamosi saa nane Josphat analeta mbuzi."

Kavata alikuwa ameinama akifunga viatu. Akabaki vivyo hivyo, kamba mkononi.

"Mbuzi za nini, Baba?"

"Za ntheo. Ama ulidhani nimekuweka hapa kama pambo la ukuta?"

Mzee Nzioka alisema hivyo huku akikoroga chai, kana kwamba ametaja bei ya mahindi. Lakini ntheo kwa Wakamba si mchezo. Mbuzi hao wakipokelewa na kuchinjwa nyumbani kwa binti, basi binti huyo ni mke wa mtu, hata kama pete hajawahi kuiona kwa macho.

"Baba, unajua niko na Muindi."

"Muindi yupi? Yule wa gari ya majini?"

Hapo mzee alimgusa penyewe, maana dereva wa gari hilo alikuwa Kavata. Muindi, fundi wa stima aliyewahi kufanya kazi kiwandani Athi River, alikuwa amenunua van kuukuu iliyokufa injini. Akaing'oa hiyo injini, akaweka mota ya mashine ya kuinulia mizigo, akapanga betri chini ya viti. Asubuhi Kavata alisambaza mkate madukani na shuleni. Mchana alikunjua viti akabeba akina mama wa kliniki na wa kanisa. Gari likipita husikii kitu ila changarawe zikisagika, na watu wa Machakos wakaamua kwamba kilichoko ndani si betri, ni majini. Wakalipanda hivyo hivyo, kwa kuwa majini hao walikuwa na nauli nafuu.

"Baba, jini gani analala kwa soketi akichajiwa?"

"Usinichekeshe. Gari haina sauti, mtu anakuja kwako kama mwizi. Josphat akija, hata nikiwa shamba ya chini najua Josphat amekuja."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Josphat alikuwa na matatu zake mbili, na ile anayoendesha mwenyewe ilisikika kabla haijatoka mjini.

"Na nikikataa mbuzi zake?"

"Ukikataa, hakuna mwanaume mwingine ataingiza mbuzi kwa hii boma nikiwa hai. Chagua."

Kavata akamaliza kufunga viatu. Alitoka nje, akaenda nyuma ya choo ambako simu ilishika mtandao, akaandika:

"Josphat analeta ntheo Jumamosi saa 8. Zako ziko wapi?"

Jibu likaja mara moja.

"Ziko kwa mjomba, kule Wamunyu. Lakini babako hajaniita."

"Hatakuita. Kuja bila kuitwa."

Simu ikalia papo hapo.

"Kavata, unajua unachosema?"

"Najua vizuri. Binti lazima aulizwe kabla ya kuchinja. Nitaulizwa mbele ya watu, na nitakataa za Josphat. Siku hiyo nataka zako ziwe zimefungwa hapo hapo, nizionyeshe kwa kidole. Zisipokuwa hapo, Muindi, mimi na wewe tumeisha."

"Na tukifukuzwa langoni?"

"Watafukuza gari ambayo wamesikia."

Muindi akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe mwanamke! Lakini ule mlima wa Mua wa kuja kwenu? Na mbuzi, na mjomba, na mimi? Betri zimezeeka."

"Wewe chaji gari. Mlima niachie mimi."

Jumamosi Kavata alitoka na mkate kama kawaida. "Saa sita uwe umerudi uoge," mzee akamwambia, na yeye akaitikia kwa adabu zote. Mzee akamgeukia Mutua, mchunga mifugo wake wa siku nyingi, akamketisha langoni.

"Lango liko wazi kwa sababu ya Josphat. Ukisikia gari na si ya Josphat, funga. Usiniulize, funga tu."

"Nimesikia, mzee."

Masikini Mutua, hicho ndicho kitu pekee alichosikia mchana huo.

Saa saba van ilikuwa inakwea Mua. Nyuma, mahali pa kreti za mkate, walisimama mbuzi. Mbele alikaa Ndunda, mjomba wa Muindi, na koti lake zito la shughuli, Muindi katikati, Kavata kwenye usukani. Alikuwa ameanza mlima kwa kasi ya bondeni, akilionea gari huruma kila kona. Hata hivyo, penye mwinuko wa mwisho gari lilianza kuchoka.

"Kavata, sindano ya betri imelala," Muindi alisema.

"Naiona."

"Tusimame ipumzike?"

"Tukisimama hapa haitaanza tena. Shukeni."

"Nani ashuke?"

"Nyinyi wawili. Mbuzi hawawezi kusukuma."

Mjomba Ndunda aligeuza shingo. "Mimi nishuke, mbuzi wabaki wamekaa?"

"Nisamehe, Mjomba. Leo wao ndio wakubwa."

"Haya. Nitakuja mdogo mdogo."

Gari lilikuwa linatambaa kiasi kwamba mjomba alishuka kama anayeshuka kitandani. Muindi akaweka bega nyuma, akasukuma. Kavata alikuwa ameuma meno. "Panda," aliliambia gari. "Nimekuosha, nimekulisha stima, leo utapanda!"

Likapanda.

Mutua alikuwa ameketi juu ya jiwe, mgongo kwa barabara, sikio ameligeuzia bondeni. Alikuwa anasikiliza kwa bidii zote. Van ikapita nyuma yake, ikaingia bomani, na Muindi akiwa ameinama nyuma ya gari kama punda. Mutua aligeuka mbuzi alipolia.

"Mutua!" Mzee Nzioka alitoka nyumbani mbio. "Nilikwambia nini?"

"Mzee, sijasikia gari."

"Na hii ni nini?"

"Hii... hii ndiyo sijasikia."

Wageni wa jirani waliokwisha kufika wakaanza kuziba midomo kwa leso. Shangazi Ndunge, dada mkubwa wa mzee, aliyemlea Kavata tangu mama yake afariki, alishafungua mlango wa nyuma wa gari na kuwafunga mbuzi kwenye nguzo ya ghala.

"Ndunge, usiguse hizo!"

"Nimeshagusa."

Mzee akamtazama Kavata akishuka upande wa dereva.

"Ni wewe umezileta? Binti anajiletea ntheo mwenyewe? Hiyo imeonekana wapi?"

"Ameleta Muindi, Baba. Mimi ni dereva tu."

"Sawa. Na mzee wake ako wapi?"

Kavata akageuka kuitazama barabara. Bwana harusi hajisemei mbele ya wakwe. Lazima awe na mzee wa kumsemea, asipokuwa naye mbuzi ni mbuzi tu, kama waliopotea njia. Na mzee mwenyewe alikuwa ameachwa mlimani na nani? Na yeye Kavata, kwa mdomo wake, ili mbuzi wapande!

"Anakuja," Muindi alijaribu. "Ako nyuma kidogo."

"Nyamaza. Wewe huongei hapa. Mutua, fungua hizo mbuzi, zirudi zilikotoka."

"Mutua, ukizigusa utanijua!" Kavata akasimama mbele ya nguzo, mikono ameitandaza. "Baba, ngoja kidogo tu. Nakuomba."

"Ningoje nini?"

Ndipo mngurumo ukasikika. Ulianzia chini bondeni, ukapanda, madirisha ya nyumba yakaanza kutetemeka. Uso wa mzee ukalainika. Matatu ya Josphat ikaingia kwa vumbi na honi, wazee wake wamejaa viti vya nyuma, mbuzi wake juu ya paa. Josphat akaruka chini, akazunguka mbio upande wa pili, akamfungulia mtu mlango na kumshika mkono. Akashuka mjomba Ndunda, koti na yote.

"Mzee Nzioka, tumefika!" Josphat akasema. "Tumechelewa sababu ya huyu mzee. Nimempata kwa mlima anapumua vibaya, nikasema siwezi kupita mtu mzima hivyo."

"Mungu akubariki, kijana," mjomba akamwambia kwa moyo mweupe. Kisha akakung'uta vumbi, akavua kofia mbele ya Mzee Nzioka. "Mimi ni Ndunda wa Wamunyu. Ndimi msemaji wa zile mbuzi pale kwa nguzo."

Boma zima likaangua kicheko. Shangazi Ndunge ilibidi ashike ukuta. Josphat alimtazama mjomba, akawatazama mbuzi, akamtazama Muindi.

"Yaani nimembeba mwenyewe?"

"Kiti cha mbele kabisa," mjomba akajibu. "Ni gari nzuri."

Mzee Nzioka hakucheka. Alisubiri kimya kirudi, akasema kwa sauti ya kikao:

"Kavata. Utaulizwa kama anavyoulizwa kila binti. Hizi za Josphat, tule?"

"Hapana, Baba."

Watu wakaguna.

"Josphat, nisamehe," Kavata akaendelea, akimtazama usoni. "Wewe si mtu mbaya, hata leo umeonyesha. Lakini nikiwa na shida siwazi kukupigia simu, na nikiwa na furaha sikukumbuki. Utaishi na mke kama huyo? Baba, zile za kwa nguzo ndizo mle. Mkizirudisha, nitashuka nazo huu mlima kwa mguu, na sitarudi."

Josphat alishusha pumzi. "Mimi siwezi kulazimisha mtu, mzee," akasema polepole, na wazee wake wakainamisha vichwa.

Mzee Nzioka alisogea hadi kwenye van, akaweka kiganja juu ya boneti. Alipozungumza tena, sauti ya kikao ilikuwa imekwisha.

"Mamako alitoka hapa asubuhi kwa gari. Niliisikia ikishuka mpaka chini. Jioni nikakaa hapa nikisikiliza ikirudi, mpaka wakaja watu kunieleza. Wewe ukipanda matatu, nilikuwa nasikia ikikuacha pale barabarani, moyo unarudi mahali pake. Sasa unaendesha hii. Unafika na sisikii. Kila jioni, Kavata, nakuzika, halafu unaingia mlangoni unaniuliza kama nimekula."

Hakuna aliyecheka tena. Machozi yalimtoka Kavata bila yeye kuyazuia. Mwaka mzima alidhani baba anamchukia Muindi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema nini? Kwamba mimi mzee mzima naogopa kimya?"

Kavata alimsogelea, akamshika mkono ule uliokuwa juu ya boneti.

"Mkate wa shule unapita hapo kwa lango kila asubuhi. Jioni narudi na akina mama. Nikienda nitakupigia honi, nikirudi nitakupigia honi. Hata nikiwa nimeolewa, Baba. Hata nikiwa na watoto."

"Utasahau."

"Siwezi kusahau."

Mzee alijipangusa pua kwa nyuma ya mkono, akalitazama gari kwa dharau iliyobaki kidogo.

"Kwani hii kitu iko na honi?"

Kavata akaingia, akabonyeza. Ikatoka sauti nyembamba: piii. Mbuzi mmoja akageuza kichwa. Mzee Nzioka aliinamisha sikio akaisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni ya baiskeli," akasema. "Mwambie bwana yako akuwekee ya lori. Mutua, lete kisu."