Buti la Tatu

Jumapili ile mvua ilikatika adhuhuri, na wapenda vyura wa mtaa wetu hapa Taipei wakapanda kilima cha nyuma ya soko, simu mkononi, wakarekodi milio ya vyura wawatumie watafiti. Kazi ya kujitolea, malipo yake mbu. Kila mmoja ana jina la msituni, kaliandika ndani ya mabuti yake ya mpira yasichanganyike na ya wenzake. Kuo-tung, mume wa jirani yangu Hsiu-chin, walimwita Nyenje kwa sababu hanyamazi. Mabuti yake aliandikiwa na mkewe.

Ukishapita kijihekalu cha mungu wa ardhi, jina la nyumbani halitajwi. Mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, kama ule, ndiyo kabisa, wafu wanapotembea.

"Nyenje, usibaki nyuma," Hsiu-chin alisema.

"Tangulia, bibie. Kuna chura hapa ananisengenya."

Akainama kwenye mfereji. Ukungu ukashuka. Ulipoachia, mfereji ulikuwa mtupu.

Waliita "Nyenje!" hadi makoo yakakauka. Vyura wakanyamaza, wote kwa pamoja. Hsiu-chin alilia bila haya. Tangu aolewe hajawahi kulala peke yake, na hakuwa tayari kuanza leo. Akavuta pumzi.

"Usithubutu, dada," Mzee Tsai, kiongozi wao, alinong'ona akimshika mkono. "Ukilitaja jina lake la nyumbani, umewapa wafu."

"Niache! Mume ni wangu, si wako. Lai Kuo-tung!"

"Nipo."

Karibu mno. Alikuwa amechuchumaa ndani ya mfereji uleule waliokwisha kuupekua. Anatabasamu. Anatafuna. Hsiu-chin akamtia kidole mdomoni, akatoa miguu ya panzi. Akamkumbatia hivyohivyo, akishukuru kila mungu anayemjua. Mwili wake ulikuwa wa baridi.

Nyumbani akampikia uji wa wali na viazi vitamu. Mabuti alikataa kuvua. Alikaa nayo mezani, tope likichuruzika sakafuni.

"Baba Wei, kula basi," alimwita kwa jina la mtoto wao.

Hakugeuka.

"Kuo-tung!"

"Nipo!" Ilikuwa sauti ya mumewe, na mkwaruzo wake uleule. Ilitoka kilimani. "Jamani, mbona mnakula bila mimi?"

Wa mezani aliendelea kutafuna. Bakuli lake lilikuwa halijaguswa.

Hsiu-chin alitoka mbio, akaita, akaita tena. Sauti ilijibu kila mara, na kila mara kwa mbali zaidi, mpaka ikapotea.

Asubuhi nilimkuta kwenye kizingiti chake, amekumbatia buti la kushoto lililojaa tope. Alilikuta hapohapo mlangoni. Ndani mlikuwa na neno moja, Nyenje, kwa mwandiko wa Hsiu-chin mwenyewe.

"Shoga," alininong'oneza, "nimemleta nani?"

Nikachungulia ndani. Mtu yule alikuwa bado mezani, na mabuti yote mawili miguuni.